Mafunzo yapo huku, kazi iko kule

Chapta ya pili ya tasnifu yangu imenikaba wiki nzima. Naandika kuhusu pengo la uchumi kati ya mikoa ya Indonesia na jinsi mashirika ya huku yanavyowaendeleza wafanyakazi wao, na kadiri ninavyosoma ndivyo naona haya mambo mawili wanayasoma watu wasiosalimiana. Wachumi wako upande mmoja na indeksi ya Williamson na ya Theil, wanapima pengo kati ya mikoa ni kubwa kiasi gani, halafu watu wa rasilimali watu wako upande wa pili, wanapima kama mfanyakazi aliyepelekwa kozi amerudi na ari ya kazi. Sasa yule mtu wa kozi alitoka wapi, na leo yuko wapi?

Java huwezi kuikwepa. Kisiwa hiki ni kama asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi, lakini sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 270 na zaidi ya nusu yao wako hapa, na zaidi ya nusu ya uchumi pia uko hapa. Mtu akisikia hivyo anadhani Java yote imeneemeka. Kima cha chini cha mshahara kinapangwa wilaya kwa wilaya, mji kwa mji, na mwaka 2024 Bekasi, mji wa viwanda jirani na Jakarta, kilikuwa rupia milioni 5.3 na zaidi kwa mwezi, Banjarnegara ya Java ya Kati milioni 2 na ushee. Yaani kisiwa kimoja, unapanda basi jioni asubuhi umefika, na mshahara umezidi mara mbili.

Hapa Jogja, yaani Yogyakarta, ninapoishi ndo panaponiumiza kichwa zaidi. Ni mji wa vyuo, kwa maendeleo ya watu mkoa huu unaifuata Jakarta moja kwa moja, lakini 2023 Gini yake, kipimo cha pengo la matajiri na maskini, ndiyo iliyokuwa juu kuliko mikoa yote ya nchi, na kima cha chini mjini kilikuwa kama milioni 2.5 tu mwaka uliofuata. Elimu imejaa tele. Wanafunzi wakishavaa joho wanabeba mabegi wanaelekea stesheni ya treni.

Jirani yangu wa kost, nyumba ya vyumba vya kupanga, ni kijana wa kisiwa cha Flores, mashariki ya nchi, amemaliza SMK, shule ya sekondari ya ufundi, fani ya uchomeleaji. Cheti chake kakipiga laminesheni na anakitunza kwenye faili pamoja na kadi ya familia, kila kitu kwa mpangilio, mtu yuko tayari kabisa. Juzi jioni alinionyesha kwenye simu nafasi za kazi alizohifadhi, tukawa tunasoma wote, zote za miji ya viwanda huku Java: Karawang, Cikarang, Bekasi, tena Karawang. Nikamuuliza kwa nini usirudi nyumbani na ujuzi wako. Akanijibu kwa upole tu: "Kak," yaani mkubwa wangu, "nirudi nikachomelee nini?"

Sikuwa na jibu. Na hayuko peke yake, takwimu za taifa zimekuwa zikionyesha wahitimu wa SMK ndio wenye kiwango kikubwa zaidi cha kukosa ajira kuliko ngazi nyingine za elimu, wakati shule hizo zilianzishwa ili mtu atoke aingie kazini.

Halafu kuna kisa kilichogeuka, kazi ilifika kabla ya mafunzo. Serikali ilipopiga marufuku kusafirisha nikeli ghafi Januari 2020, viwanda vya kuyeyusha vikazidi kuota Morowali kule Sulawesi ya Kati na Weda kule kisiwa cha Halmahera, mkoa wa Maluku ya Kaskazini. Mkoa huo uchumi ukakua kwa zaidi ya asilimia 20 mwaka 2022, na 2023 tena. Sulawesi ya Kati nayo ikakua kama asilimia 15 mwaka 2022, lakini Machi 2023 watu zaidi ya 12 katika kila 100 walikuwa bado maskini, juu ya wastani wa nchi. Politeknik ya chuma, chuo cha ufundi, ipo palepale Morowali, nafurahi ipo, ila chuo kimoja na mahitaji ya makumi ya elfu ya wafanyakazi wapi na wapi. Desemba 2023 tanuru likalipuka huko, watu 21 wakafariki, na mimi nikisoma makala inayoita mafunzo ya usalama "gharama" nashindwa kuendelea, nafunga laptopu.

Kinachonipa moyo ni kwamba nchi hii ilishawahi kupeleka kitu kule kulikopungukiwa. Miaka ya 1970, hela za mafuta zilipoingia, walijenga shule za msingi zaidi ya 61,000, na wilaya zenye watoto wengi wasiosoma ndizo zilizopewa nyingi. Mchumi Esther Duflo aliwafuatilia watoto hao walipokuwa watu wazima, akaonyesha kuwa walisoma miaka mingi zaidi na mishahara yao ikapanda. Ukilinganisha na Kartu Prakerja ya 2020, mpango wa serikali wa kulipia watu kozi za ujuzi, kozi zake mwanzoni zilikuwa za onlaini, kwa hiyo mwenye mtandao mzuri ndiye aliyefaidi kirahisi, na mtandao mzuri uko wapi kama siyo kulekule kwenye kazi? Iliwasaidia mamilioni kipindi cha korona, hilo silipingi hata kidogo.

Basi nimeamua dodoso langu libadilike. Maswali ya kuridhika na mafunzo nayapunguza, na naongeza matatu: ulizaliwa wilaya gani, ulipata mafunzo wapi, na miaka mitatu baadaye ulikuwa unalipwa mshahara wapi. Msimamizi wangu anasema yataleta data chafu maana watu wanahama hama sana. Nimemwambia Pak, yaani mzee, huko kuhama hama ndiko ninakotaka kukuhesabu, na kesho naanza kuyajaribu kwa wapangaji wa kost hii.