Yoabu kwenye Pembe za Madhabahu

Somo: 2 Samweli 20:8–10, 1 Wafalme 2:28–34

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Yoabu alimshika jemadari mwenzake Amasa ndevu kwa mkono wa kuume kana kwamba anataka kumbusu, akamjulia hali, akamwita ndugu. Upanga ulikuwa mkono wa pili, akamuua. Daudi alimfahamu vizuri jemadari wake, maana Abneri naye aliuawa hivyo hivyo langoni Hebroni. Alilalamika kwamba wana wa Seruya, yaani Yoabu na ndugu yake, wamemshinda, kisha akamwacha Yoabu kazini.

Nimesoma habari hii nikimfikiria Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi wa Kongo. Februari 2003, huko Ituri, mashariki mwa Kongo, makamanda wa UPC, kundi la wapiganaji ambalo yeye alikuwa miongoni mwa wakuu wake wa kijeshi, waliwaita watu wa kabila la Walendu kwenye kikao cha amani pale Sangi. Walioitikia wakakamatwa. Watu wasiopungua 49 waliuawa Kobu, katika shamba la migomba nyuma ya jengo liitwalo Paradiso. Miezi michache kabla, kule Mongbwalu, Ntaganda alimuua padri Bwanalonga kwa mkono wake mwenyewe; ndivyo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) iliyoko The Hague ilivyothibitisha.

Mwaka 2009, hati ya mahakama hiyo ya kumkamata ikiwa imeshatangazwa, serikali ya Kinshasa ilimpokea jeshini kwa cheo cha jenerali. Eti kwa ajili ya amani! Akaishi Goma mchana kweupe. Aprili 2012 akaasi, kundi la waasi la M23 likazaliwa, na Novemba mji huo huo wa Goma ukatekwa nalo. Tusiwacheke wanasiasa peke yao. Makanisani nako tunao watu tunaowajua fika, na bado tunawaachia kiti kwa kuwa wanatufaa.

Yoabu alipoona upande wa Adoniya, mwana wa Daudi aliyetaka ufalme, umeshindwa, alikimbilia kushika pembe za madhabahu. Ntaganda, Machi 2013, M23 ikiwa imegawanyika, aliingia ubalozi wa Marekani mjini Kigali akaomba apelekwe The Hague. Huko alikana mashtaka yote. Mwaka 2019 alikutwa na hatia ya makosa 18, akafungwa miaka 30.

Biblia haituambii mjane wa Amasa aliishije. Wajane wa Ituri wapo hai, pamoja na waliobebeshwa bunduki wakiwa watoto na mabinti waliobakwa ndani ya kundi hilo hilo. Mahakama imepanga fidia ya dola milioni 31.3, naye mfungwa hana cha kulipa. Maombi yetu ya juma hili yawe kwa ajili yao, na mwenye ndugu Bunia au Mongbwalu ampigie simu, amwulize tuwaombee akina nani kwa majina.