Wiki Ambayo M Haiandikwi

Nilitua Columbus, Ohio, jioni ya Jumatano, tarehe 27 Novemba 2024, baridi ikinigonganisha meno. Mpwa wangu alikuwa ameinua kipande cha boksi: KARIBU MJOMBA. Ila M zote mbili alikuwa amezipiga X kwa selotepu nyekundu. Nimebaki Joba. Nikadhani kakosea.

"Wiki hii M haiandikwi," akasema, na wala hakucheka.

Shemeji ndiye aliyenifafanulia garini. Jumamosi Chuo Kikuu cha Ohio State kingecheza mpira wa Kimarekani na Michigan, chuo cha jimbo jirani la kaskazini, watani wa jadi tangu 1897. Hata huo utani ni mdogo kwa ugomvi wenyewe: mwaka 1835 Ohio na Michigan zenyewe zilitoa wanamgambo kugombea ukanda wa ardhi wa Toledo, mpakani. Ohio ikaupata, Michigan ikafidiwa ardhi kubwa kule kaskazini. Alivyokuwa akisimulia, ungedhani yalitokea juzi.

Kesho yake tukazunguka chuoni. Vibao vya majengo, kila penye M pana X. Jina la wapinzani nalo halitajwi. Ni "ile timu ya kule kaskazini". Uwanja wao wa tangu 1922, wenye umbo la kwato ya farasi, unachukua watu zaidi ya laki moja. Uwanja wetu wa Mkapa ni elfu sitini, na tunajaza kwa Simba na Yanga. Hapa wanaojaza wanakuja kutazama wanafunzi!

Columbus ni makao makuu ya jimbo, lakini timu za kulipwa za mchezo huo ziko Cleveland na Cincinnati. Soka na hoki ya barafu wanazo, ila mji umejipachika kwa chuo. Bibi kizee asiyewahi kukanyaga darasa lake anakiita "sisi". Tangu 2021 vijana hao wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya majina yao, jambo linalomkera shemeji. Mimi naona ni haki yao; jasho ni lao.

Shida yangu ilikuwa sweta. Rangi za chuo ni nyekundu na kijivu, na dada alikuwa ameniandalia jekundu kabisa. Mimi Yanga wa kurithi. Nyekundu ni ya Simba, sivai hata kwenye harusi. Nikang'ang'ana na koti langu la bluu mpaka mpwa akaniambia kuwa bluu ni ya kule kaskazini. Nikavaa lile jekundu. Picha niliwakataza wasipige.

Jumamosi asubuhi tulipita kando ya uwanja. Tiketi hazishikiki, ila nje ni sherehe tosha: majiko ya nyama nyuma ya magari, mtu usiyemjua anakupigia kelele "O-H!" nawe umjibu "I-O!" Mpaka saa sita sauti ilishanikauka.

Mechi tuliitazamia mgahawani kwa Msomali aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kiswahili chake cha Kenya kimenyooka. Wasomali ni wengi Columbus, na pale mezani, kati ya sambusa na chai ya maziwa, wote walikuwa wekundu. Ohio walipewa nafasi kubwa mno ya kushinda. Zikabaki sekunde 45, Michigan wakapiga mpira katikati ya nguzo: 13 kwa 10. Kisha wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja wa wenyeji. Ngumi zikaanza, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Mgahawani hakuna aliyesema neno. Mwenye mgahawa alizima televisheni, akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Januari, nimesharudi Dar, nikasikia Ohio State wameifunga timu ya Chuo Kikuu cha Notre Dame 34 kwa 23, wametwaa ubingwa wa taifa. Nikampigia mpwa kumpongeza. Akashukuru, kisha akanyamaza kidogo.

"Lakini tulifungwa nyumbani, mjomba."