Mwachie kazi inayosomeka fundi atakayekuja

Kazi nyingi za tovuti zinazonifikia hapa Mwanza si mpya. Ni tovuti zilizokwisha kujengwa na mtu mwingine, zikakwama njiani, na mwenye biashara anatafuta wa kuzifufua. Anakuja na simu mkononi, ananionyesha ukurasa mweupe au bei za mwaka juzi, kisha anasema aliyeijenga amehama mji na hapokei simu. Kwa hiyo ubora wa kazi ya tovuti naupima kwa swali moja kabla ya mengine yote: fundi asiyenijua anaweza kuifungua, akaielewa na kuendelea nayo bila kunitafuta?

Vijana wanaokuja ofisini kwangu kwa mafunzo ya vitendo huniuliza mara kwa mara, "Kaka, si inafanya kazi?" Huwajibu kwamba inafanya kazi leo, mikononi mwao. Nataka ifanye kazi mwakani, mikononi mwa mtu ambaye hatujamwona.

Tovuti iliyonithibitishia hili kuliko zote ilikuwa ya mwenye boti za abiria ziendazo visiwani. Alikuja analalamika kwamba abiria wanagombana na makarani wake pale wanapopandia. Ukurasa wa mwanzo ulisema boti ya asubuhi inaondoka saa 2:00. Tiketi ya boti hiyohiyo ilisema saa 8:00. Aliyefuata ukurasa alifika asubuhi akasafiri. Aliyefuata tiketi alifika saa nane mchana, boti imeondoka saa sita kabla. Boti ya mchana ilikuwa kinyume chake: tiketi ilisema saa 2:00, watu wakaja asubuhi na mizigo yao na watoto, wakakaa juani hadi saa nane. Mmoja wa walioachwa alikuwa mzee anayerudi kwake kisiwani na dawa zake za mwezi. Makosa ya namna hii huwa hayaonekani ukiwa mezani na kompyuta.

Nilipofungua msimbo, yaani maagizo ya programu yanayoendesha tovuti, nilikuta mafundi wawili wamepita. Wa kwanza alijua anachofanya. Saa zimehifadhiwa kwenye hifadhidata kwa mfumo wa saa 24, naye akatoa sita kila anapoonyesha muda, ili 08:00 isomeke saa 2 na 14:00 isomeke saa 8, jinsi kila mtu wa hapa anavyozitaja. Lakini ile sita aliitupa ndani ya faili mbalimbali, bila neno. Wa pili alipoikuta alifikiri ni hitilafu ya majira, kwa kuwa Tanzania iko mbele ya saa za dunia kwa saa tatu na hakuna sita yoyote inayoingia hapo. Akaifuta kwenye ukurasa wa tiketi, akaweka muda wa saa 12 kama ulivyo kwenye simu nyingi. Pengine aliitwa kwa jambo lingine kabisa na akaona amsaidie mteja. Wote wawili walikuwa na akili zao timamu, na abiria ndio walioumia kwa sababu ya mstari mmoja wa maelezo ambao haukuandikwa.

Niliziondoa sita zote nikaweka mahali pamoja:

// Abiria wanasoma saa za Kiswahili: 08:00 ni saa 2 asubuhi.
// Tunaongeza 6 badala ya kutoa 6, ili saa za usiku zisitoe namba hasi.
// Hili halihusiani na majira ya seva. Usilifute.
function saaYaKiswahili(saa24) {
  return (saa24 + 6) % 12 || 12;
}

Hapo kwenye kuongeza na kutoa pana jambo linalostahili kusimamiwa. Kwenye mzunguko wa saa 12, kuongeza sita na kutoa sita hukufikisha mahali palepale. Ila chukua 03:00, yaani saa tisa usiku. Ukitoa sita unapata -3, na katika lugha za programu za JavaScript na PHP baki ya -3 kwa 12 ni -3 vilevile, kwa sababu baki hufuata alama ya namba inayogawanywa. Tiketi ingesema "saa -3". Katika Python ungepata 9, jibu sahihi, na ndiyo maana mtu aliyezoea lugha moja anaweza kunaswa na nyingine. Ukiongeza sita unapata 9 moja kwa moja, na lugha zote zinakubaliana. Ile 12 ya mwishoni ni kwa ajili ya 06:00 na 18:00, ambazo bila hiyo zingesomeka saa sifuri.

Baada ya hapo niliandika majaribio mafupi yanayoendeshwa kila msimbo unapobadilishwa: 03:00 itoe 9, 06:00 itoe 12, 08:00 itoe 2, 18:00 itoe 12. Fundi mwingine akija na kuifuta ile sita, majaribio yatamkatalia kabla abiria hajaumia. Tiketi sasa inaonyesha yote mawili, saa 2:00 asubuhi na 08:00 pembeni yake, kwa sababu wapo wageni wanaopanda boti hizo na wasizijue saa zetu. Na safari za usiku tunaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", kwani "Ijumaa usiku" kila mtu huielewa kivyake.

Nasisitiza maelezo ndani ya msimbo, lakini si maelezo yoyote. Mstari unaosema "ongeza sita" juu ya msimbo unaoongeza sita haumsaidii mtu, msimbo wenyewe umeshasema. Andika sababu: nani alitaka, kwa nini, na kitaharibika nini kikiguswa. Sababu ndiyo inayopotea mtu akihama mji.

Majina nayo yana kazi hiyohiyo. Kwenye tovuti ileile nauli ilikuwa inaitwa x2, na nauli ya mtoto x2b. Mimi hutumia maneno ya biashara yenyewe: nauli, abiria, bandari, mzigo. Mwenye boti akiniuliza nauli inakokotolewa wapi, namwonyesha mstari wenye neno nauli, naye anaufuata.

Halafu kulikuwa na faili: tiketi.php, tiketi_mpya.php, tiketi_mpya2.php, tiketi_mwisho_kabisa.php. Iliyokuwa inatumika ni tiketi_mpya.php. Hakuna sababu ya kuishi hivi. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ipo tangu 2005, Linus Torvalds alipoianzisha kwa ajili ya kazi ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye kompyuta yako hata bila intaneti, na inakumbuka kila badiliko, nani kalifanya na lini. Ninachodai kwa vijana ni ujumbe wa maana kila wanapohifadhi. "Marekebisho" si ujumbe. "Tiketi ionyeshe saa za Kiswahili na za saa 24, abiria walikuwa wanachelewa" ni ujumbe. Na nywila ya hifadhidata haiingii kwenye Git hata mara moja, kwa sababu ukiifuta kesho, historia bado inayo. Inakaa kwenye faili lake la mipangilio kwenye seva, ile kompyuta inayobeba tovuti.

Sasa, msimbo unaweza kuwa safi na tovuti bado isimfae anayeitumia. Mimi hujaribu kazi zangu nje, soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, mchana, kwenye simu ya bei ndogo. Jua la ziwani halina huruma na kioo cha simu. Maandishi ya kijivu juu ya weupe, ambayo ofisini yanapendeza, pale hayaonekani kabisa. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wote, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Uliwekwa kwa ajili ya wenye uoni hafifu, na mchuuzi wa dagaa aliyesimama juani anafaidika nao vilevile. Toleo la 2.2 la mwongozo huo, la 2023, linataka vitufe visiwe chini ya pikseli 24 kwa 24. Mimi huzidisha zaidi ya hapo, maana mikono iliyotoka kushika sangara ni mibichi na haina subira na kitufe kidogo. Kuandika lang="sw" mwanzoni mwa ukurasa ni kazi ya sekunde, na inakiambia kisoma-skrini kwamba hiki ni Kiswahili; bila hivyo kinaweza kumsomea asiyeona maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza.

Picha nitazisema kwa ufupi. Picha iliyotoka kwenye simu bila kupunguzwa inaweza kuwa na megabaiti 4. Weka nane kwenye ukurasa mmoja, ni megabaiti 32, na anayezilipia ni mteja kwa bando lake. Zipunguze. Picha ya boti yenye kilobaiti 100 inaonekana vizuri kabisa kwenye simu.

Mtandao wa majini unahitaji uangalifu zaidi. Abiria aliyeko kisiwani anabonyeza "Lipia", mtandao unakatika, haoni jibu, anabonyeza tena. Kama hukujiandaa, umemkatia tiketi mbili na kumtoza mara mbili. Kuzima kitufe baada ya kubonyezwa hakutoshi, kwa sababu ataufungua upya ukurasa. Dawa ni kuipa kila fomu namba yake ya pekee inapofunguliwa, kuihifadhi kwenye simu ya abiria hadi jibu litakapopatikana, na kuiwekea hifadhidata sharti kwamba namba hiyo haiwezi kuingia mara mbili. Ombi la pili likija na namba ileile, seva inarudisha tiketi ya kwanza. Hii ni pesa ya mtu aliyeuza samaki kuipata, na kuilinda ni sehemu ya kazi kama ilivyo kupanga rangi.

Taarifa zake nazo ni hivyohivyo. Kwenye ile tovuti, nywila za mawakala zilikuwa zimehifadhiwa wazi, na namba za vitambulisho vya abiria wa miaka ya nyuma zilikuwa bado zimo, hakuna anayezihitaji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kila anayejenga fomu inayouliza jina na simu ya mtu inamhusu. Nywila zihifadhiwe kwa njia ya upande mmoja, isiyoweza kurudishwa nyuma. PHP ina password_hash kwa kazi hiyo tangu 2013, hakuna haja ya kubuni yako. Kile usichokihitaji usikiulize, na kilichokwisha kazi kifute. Na ukurasa wowote wenye fomu uwe na HTTPS, njia inayoficha mawasiliano kati ya simu na tovuti. Shirika la Let's Encrypt linatoa bure vyeti vinavyohitajika kwa HTTPS, hivyo hakuna mteja wa kuambiwa kwamba ni gharama ya ziada.

Nimeacha la kikoa, yaani jina la tovuti, mpaka sasa kwa sababu ndilo linaloniudhi zaidi. Nimeshakutana na wafanyabiashara wengi ambao jina la tovuti yao limesajiliwa kwa jina la fundi na barua pepe ya fundi. Muda wa kulipia ukifika, taarifa inakwenda kwa mtu aliyeshasahau kazi hiyo. Jina linakufa, pamoja na barua pepe zote za ofisi. Wapo mafundi wanaofanya hivi kwa makusudi ili mteja asiwakimbie, na kwangu huo ni unyang'anyi. Jina la .co.tz lisajiliwe kwa wakala anayetambuliwa rasmi, kwa jina la mwenye biashara, kwa barua pepe na simu yake mwenyewe. Fundi apewe ruhusa ya kuingia, na ruhusa hiyo iweze kuondolewa.

Kuna wanaoniambia kwamba nikifanya hivi najikosesha kazi. Wateja wangu wa muda mrefu wote wana funguo zao. Wanaweza kuondoka leo mchana wakitaka.

Mwenye boti nilimkabidhi ofisini kwake, na karani wake akiwa pembeni. Sikugusa kibodi. Yeye mwenyewe aliingia kwenye akaunti ya kikoa, akabadilisha nywila akaificha nisiione, akaenda kwenye ratiba, akapandisha nauli ya mzigo, akashusha ya wanafunzi, kisha karani akakata tiketi ya majaribio kwa simu yake. Palipowakwama, niliandika upya maelezo ya ukurasa ule badala ya kuwaelekeza kwa mdomo. Nikawaachia kurasa mbili zilizochapishwa: tovuti iko kwenye seva gani, nakala ya akiba inachukuliwa lini na inarudishwaje, kikoa kinalipiwa mwezi gani, msimbo uko wapi. Malipo ya mwisho alinilipa baada ya hapo, na ndivyo mkataba wangu unavyosema kwa kila kazi.