Jinsi nilivyopata muda wa kusomea mtihani wa Network+

Nimefaulu wiki hii mtihani huu wa cheti cha mitandao ya kompyuta, naandika kabla sijasahau. Kwa miezi mingi nilirudi kutoka kazini nimechoka, nafungua kitabu, nasinzia ukurasa wa pili. Nikahamishia masomo Jumamosi, dharura za kazini zikaimeza. Kukesha nako hakukunisaidia: nilisoma bila kushika kitu.

Nikahamia alfajiri, dakika 40 kabla ya kugusa simu. Hata hizo zilivuja, maana robo saa iliisha nikitafuta pa kuanzia. Dawa ikawa kijikaratasi. Kila usiku kabla ya kulala naandika swali moja tu, naliacha juu ya kompyuta. Mfano: "Mtandao wa /26 una anwani ngapi za kuvipa vifaa?" Nikiamka najibu papo hapo (/26 ni ukubwa wa mtandao wenye anwani 64; toa 2 ambazo hazipewi vifaa, zinabaki 62), na akili imeshaingia kazini. Maswali niliyachota kwenye orodha ya mada ambayo CompTIA wenyewe, wanaotunga mtihani huu, huitoa bure, nikianza na sehemu zenye asilimia kubwa ya mtihani.

Baada ya mwezi nikalipia mtihani. Wiki mbili za mwisho nilijibu maswali ya mazoezi nikijipima kwa saa, kwani mtihani wenyewe una hadi maswali 90 kwa dakika 90.