Tyubu ya mjomba na mzee wa Bunyonyi: mbio zetu za kwanza

Wiki 6 nzima nilipiga pushapu asubuhi na jioni kwa sababu kijana mmoja wa jimu hapa Kampala aliniambia kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi, ni mikono tu. Akaongeza kwamba tairi za baiskeli zijazwe upepo mpaka ziwe ngumu kama jiwe, na kila mtu abebe lita 5 za maji. Yote matatu yalitugharimu, na hasira bado haijanitoka. Mimi na wifi yangu hatukuwahi kushindana popote tangu shule, tukamwamini kwa sababu alisema kwa uhakika.

Mbio zenyewe zilikuwa ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale: kayaki ya watu wawili kama kilomita 6, kupanda vilima kwa miguu kama 8, kisha baiskeli 20 na kitu kurudi tulikoanzia. Waandaaji walisema ni za wanaoanza, na timu lazima ifike pamoja. Hata hivyo niliogopa. Nilikuwa nimesoma habari za Coast to Coast ya New Zealand, iliyoanza mwaka 1983, ambako watu hutoka pwani moja ya kisiwa hadi pwani ya pili, kilomita 243, kwa mbio za miguu, baiskeli na kafi. Sisi Uganda hatuna bahari, lakini maji na milima tunayo, na wifi alikuwa ameshalipa kiingilio. Basi la Kabale lilikuwa kama elfu hamsini kila mmoja, baiskeli mbili za kukodi hazikufika laki, chakula sikuhesabu.

Tulifika Rutinda, ukingoni mwa ziwa, Ijumaa mchana, siku ya soko. Ukingo mzima umejaa mitumbwi ya gogo, magunia ya viazi, mtama, mbuzi. Tukapewa kayaki tujaribu. Upepo wa alasiri ulikuwa umeshaanza, ila hakuna aliyetuambia kwamba asubuhi ziwa huwa limetulia zaidi. Nikakaa nyuma kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mikono ya mazoezi. Nikavuta kulia kwa nguvu zangu zote, pua ikakimbilia kushoto. Nikavuta kushoto kuisahihisha, ikapitiliza kulia. Baada ya dakika 10 tulikuwa tumezunguka duara kamili mara mbili, makafi yetu yanagongana hewani, wifi ananiambia nipunguze, mimi naongeza. Watu wanaorudi kutoka sokoni wakawa wanatupita wamenyooka kama uzi. Namkumbuka mama mmoja, mtoto mgongoni, magunia mawili mbele yake, anapiga kafi lake moja upande mmoja tu na mtumbwi haupindi hata kidogo. Mimi nilikuwa na kafi lenye bapa huku na huku, na mita 50 zilinishinda. Upepo ukatusukuma hadi kwenye mafunjo, tukakwama, mabega yangu yanawaka moto. Hapo ndipo nilipojua kwamba pushapu hazikunifundisha chochote kuhusu maji.

Mzee mmoja alikuwa karibu hapo akitoa mitego yake ya kamba wa ziwani. Alitusalimia kwa Kikiga, lugha ya huko, alipoona hatujibu vizuri akahamia Kiswahili; alijifunza jeshini.

"Binti, unaangalia wapi?"

"Naangalia pua ya kayaki, mzee."

"Ndiyo shida. Ukiona pua imepinda, umechelewa. Angalia ule mti mkubwa kule ng'ambo."

Akashika ukingo wa kayaki yetu na kunionyesha kwa kafi lake mwenyewe. Ukimaliza kuvuta, usilitoe kafi majini haraka. Liache lilale nyuma, ubavuni, kwa muda wa kutamka "moja". Kule nyuma ndiko usukani uliko. Akasema pia wa mbele ndiye mwenye mdundo, na asigeuke nyuma kutoa amri. Wa nyuma amfuate na anyamaze. Tulirudia mpaka jua linazama. Mara ya tano hivi tukaenda kutoka mafunjo hadi kisiwa cha karibu bila kupinda, na wifi akapiga kigelegele katikati ya ziwa. Nikagundua jambo jingine ambalo mzee hakulisema, labda kwa kuwa mtumbwi wake hauna pa kukanyagia: ukisukuma kwa mguu wa upande unaovuta na kugeuza kiuno, mikono haichoki. Mzee alikataa pesa. Alichukua chapati mbili.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa mzito, ng'ambo haionekani, mti wangu haupo. Walichelewesha kuanza kwa nusu saa. Ulipoanza kunyanyuka vilijitokeza visiwa kimoja kimoja. Bunyonyi ina visiwa 29, kwa hiyo nilipoteza mti mmoja nikapata alama nyingi: tukilenga ncha ya kisiwa hiki, tukikifikia tunalenga kinachofuata. Tulipita karibu na Akampene. Ni kipande kidogo cha ardhi chenye nyasi na mti usio na majani. Zamani Wakiga waliwaacha hapo wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, wafe kwa njaa au wazame wakijaribu kuogelea. Wifi aliacha kupiga kafi, nami nikaacha. Timu mbili zikatupita na sikujali. Tulikaa pale kimya, kisha wifi akaanza tena mdundo, taratibu. Kayaki ilituchukua saa 1 na dakika 20, na mabega yalikuwa mazima.

Kupanda kulitushinda kwa ujinga wa ramani. Kituo tulichotakiwa kufika kilikuwa juu yetu kabisa, tukakata moja kwa moja kupitia matuta ya mashamba, tukakutana na korongo, tukarudi. Dakika 40 zimekwenda. Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, sisi tumezoea Kampala ya mita 1,200 hivi, pumzi ilikuwa fupi na mgongoni tuna lita 10 kati yetu. Nikamwaga zaidi ya nusu kwenye maharage ya mtu. Lita moja na nusu kila mmoja ilitosha kabisa, na kwenye vituo walikuwa wanajaza upya! Mama aliyekuwa analima nikamsalimia "Agandi", akajibu "Nimarungi", akanyoosha jembe kuonyesha njia inayofuata mgongo wa kilima. Kanuni hazikukataza kuuliza. Kwa hiyo uliza mapema, kabla ya korongo.

Sasa baiskeli, na hapa nina la kujivunia. Nimezaliwa Busia, upande wa Uganda. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa wale waliobeba watu kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka hadi kituo cha pili wakiita "boda! boda!", yaani mpaka, kutoka neno la Kiingereza "border", enzi ambazo jina hilo halikuwa bado la pikipiki. Kila mzigo aliufunga kwa vipande vya tyubu kuukuu. Wiki tatu kabla ya mbio tulijaribu kuvutana kwa kamba ya katani kwenye mlima wa Muyenga, hapa Kampala, maana wifi ana miguu dhaifu kuliko yangu. Kamba ililegea, ikakaza ghafla, ikamwangusha, goti likachubuka. Usiku ule nikamkumbuka mjomba. Tyubu hainyakui, inavutika. Nikamwomba fundi baiskeli wa mtaani tyubu iliyotupwa, nikakata pale penye valvu, ncha moja nikaifunga kwenye bomba la kiti changu, ncha ya pili nikatengeneza kitanzi cha kutundika tu kwenye shingo ya usukani wa wifi. Kitanzi kisifungwe kamwe: akihisi hatari anakitupa kwa mkono mmoja. Na kabla ya mteremko kinatolewa, bila mjadala.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha, murram, ile barabara ya udongo mwekundu, inateleza, na zile tairi ngumu zilikuwa zinaruka kwenye kila jiwe. Kwenye mteremko wa kwanza nyuma yangu ilihama upande mara mbili. Nikasimama nikatoa upepo mpaka kidole gumba kiliweza kubonyeza tairi kidogo, nikamfanyia na wifi. Baiskeli ikatulia palepale. Mteremkoni tulisimama juu ya pedali, makalio nyuma ya kiti, breki kwa kubana na kuachia.

Kwenye mwinuko wa mwisho kigimbi cha wifi kilikaza. Akasema, "Wifi, nenda." Haiwezekani kwenda, timu ni wawili, nami nisingeenda hata ingewezekana. Nikatundika kitanzi, nikashusha gia hadi ya mwisho, nikaanza. Tyubu ikanyooka taratibu, nikahisi uzito wake unakuja polepole kama mtu anayeegemea bega, na magurudumu yake yakaanza kuzunguka. Vijana wawili wenye baiskeli za bei kubwa walikuwa wameshuka wanasukuma. Tukawapita tumekaa.

Tulimaliza kwa saa 6 na dakika 50, timu ya 11 kati ya 19. Wakatupa obushera baridi, kinywaji cha nafaka, nikanywa vikombe vitatu nimekaa chini kwenye nyasi. Kisha nikampigia mjomba Busia. Nilimweleza habari ya kayaki, ukungu, korongo, na ule mwinuko. Akasikiliza yote, halafu akauliza, "Tyubu ilikatika?"

"Haikukatika, mjomba."