Ninavyochagua meli ya mizigo kwenye EVE Online

Wachezaji wengi wa EVE Online, ule mchezo wa anga wa kampuni ya CCP ya Aislandi uliopo tangu 2003, hukimbilia meli za kivita. Mimi napenda kubeba mizigo. Nimekulia Tanga enzi ambazo meli kubwa zilitia nanga mbali, matishari yakifuata shehena huko huko kwa sababu gatini kina hakikutosha. Kujiuliza chombo gani kibebe nini ni jambo nililolizoea.

Nacheza usiku kwa bando la simu, na linatosha. Seva hupokea amri mara moja kwa sekunde, hivyo mtandao ukisuasua kidogo huumii. Ugumu ni kupakua mchezo wenyewe mara ya kwanza.

Nilianza na Iteron Mark V, ambayo hata asiyelipia anaweza kuiendesha. Tumbo lake ni mita za ujazo 5,800, na ukifunga vifaa vya kuongeza nafasi linapita 30,000. Lakini kila kifaa cha namna hiyo kinapunguza uimara wa bodi, na hapo ndipo penye uamuzi wenyewe. Maharamia hukaa kwenye milango ya kuvukia kutoka mfumo mmoja wa nyota kwenda mwingine, kama ya Uedama, njia ya kwenda soko kuu la Jita, wakiskani mizigo ya wapitao. Wanajua polisi wa CONCORD watawalipua, kwa hiyo wanapiga hesabu: thamani ya mzigo ikizidi gharama ya meli watakazopoteza, wanashambulia. Ndiyo maana mimi huangalia thamani kwanza, ujazo baadaye. Mzigo wa bei rahisi, jaza mpaka juu. Vipuri ghali, hapana.

Bidhaa za sayari nazipakia kwenye Epithal, yenye ghala lake maalumu la mita 45,000. Mzigo mdogo wa thamani kubwa naupa Viator: haiskaniki, na inasafiri ikiwa imejificha.

Kipenzi changu ni Occator. Ujuzi ukikomaa inabeba mita 62,500, na inastahimili kipigo. Raha yake iko mlangoni. Ukishavuka, unabaki huonekani kwa muda mfupi. Naielekeza meli niendako, papo hapo nabonyeza kifaa cha kujificha, kisha injini ya kasi. Maharamia wanaiona kwa kufumba na kufumbua, halafu inapotea. Injini inasukuma sekunde kumi hivi. Inapokaribia kukoma najifichua na kubonyeza safari, na kwa kuwa kasi imeshajengeka meli inaondoka hapo hapo. Mara ya kwanza ilipokubali mbele ya kundi zima la wawindaji nilisimama kwenye kiti.

Siku hizi nachukua mikataba ya kusafirishia wengine. Naangalia dhamana wanayodai kabla ya malipo, maana mzigo ukipotea dhamana ndiyo inayokwenda. Dhamana kubwa kwa ujira mdogo naipita tu, hata kama njia ni fupi. Na siachi meli ijiendeshe yenyewe, kwani inakushusha mbali na mlango kisha inajikokota wakati kila mtu anakutazama.

Obelisk, lile dude la shehena, bado sijalitamani. Linachukua muda mrefu mno kugeuka, na bila mwenzangu wa kulisindikiza silipitishi Uedama.