Fidla ya Baba Yavuka Bahari

Fidla ya marehemu baba ilikaa juu ya kabati miaka tisa. Kila Ijumaa mama aliufuta vumbi mkoba wake, akaurudisha palepale bila kuufungua. Mwaka huu mjomba alipopiga simu kutoka Unguja kwamba anamwoza binti yake wa mwisho, mama akaniita sebuleni. "Miguu yangu hainiruhusu. Utakwenda wewe. Na hiyo nenda nayo, kaka yangu ataijua."

Nikaondoka Tanga alfajiri na basi la Dar, mkoba mapajani. Tulipofika Segera abiria walikuwa wamejaa, kondakta akataka mizigo yote iende kwenye buti. Nilimweleza kuwa ni chombo cha muziki, ni cha marehemu, nitakipakata mpaka mwisho wa safari. Hakunisikiliza. Tuliposhuka Dar niliukuta mkoba uko chini ya gunia la mahindi. Nikautikisa polepole, nikasikia kitu kinabingirika ndani ya fidla. Nyuzi zimelegea, daraja linalozibeba limelala. Nilikaa juu ya begi langu pale stendi nikashindwa kunyanyuka. Miaka tisa chombo kimekaa salama, kije kiharibike mikononi mwangu, siku ya kwanza!

Kwenye boti sikuuachia tena. Zile saa mbili za baharini nilimfikiria baba. Alikuwa fundi wa reli, hakuwa mwanamuziki wa kulipwa. Tanga ya ujana wake ilikuwa mji wa taarabu. Vyama vya Black Star na Lucky Star ndivyo vilivyokuwa vikitajwa kila kona, na magitaa yao yaliupa muziki ule mwendo wa kwetu. Yeye hakujiunga na chama chochote. Alipiga harusini kwa majirani, kwenye sherehe za wenzake wa karakana, na jioni akipiga uani huku mama anaosha vyombo. Alipofariki hatukuweka nadhiri ya kunyamaza. Tulinyamaza tu. Siku hizi kwetu kukiwa na shughuli, huja kijana na spika zake na kompyuta, na sisi tunakaa vitini.

Nyumba ya mjomba iko Ng'ambo. Wasioijua Unguja wafahamu kwamba jina hilo si mapambo. Zamani palikuwa na mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na mitaa ya upande wa pili, na aliyekaa huku alikuwa kweli ng'ambo. Maji yalifukiwa, jina likabaki. Ndiko Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alikokaa na wenzake wakipiga usiku nyumbani kwake, majirani wakijaa kusikiliza, kabla hawajakwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Muziki ule uliofika mbali kiasi hicho ulianzia kwenye nyumba ya kukaliwa na watu.

Mjomba alikuwa barazani. Nikamwamkia, nikambusu mkono, na kabla sijamaliza kueleza masaibu ya basi alishauchukua mkoba. Akaitoa fidla, akaiweka sikioni, akaitikisa kama mtu anayechagua nazi.

"Kijiti kimeanguka," akasema. "Hakuna kilichovunjika. Usilie, mpwa wangu."

Ndani ya fidla, kati ya ubao wa juu na wa chini, husimama kijiti kama kipande cha penseli. Hakigandishwi kwa gundi. Kinashikwa na mbano wa mbao zenyewe, nyuma kidogo ya mguu wa daraja, upande wa uzi mwembamba. Wafaransa wanakiita roho. Pasipo hicho sauti hufifia, na nyuzi zikikazwa ubao wa juu unaweza kubonyea. Mjomba alitafuta spoki ya baiskeli, akaikunja mara mbili, akainoa ncha kwenye sakafu ya saruji. Akamwita mjukuu wake, binti wa miaka 11, amulike na tochi ya simu. Akakidunga kile kijiti, akakipitisha kwenye tundu la ubao wa juu, akajaribu kukisimamisha. Kikaanguka. Mara ya pili kikasimama kimeinama, akakiangusha mwenyewe. Yule mtoto hakutikisa mkono hata kidogo, nami nilikuwa nimeacha kupumua. Mara ya tatu mjomba akachungulia tunduni kwa muda mrefu, akaichomoa spoki taratibu. "Haya. Nipe daraja."

Alipokaza uzi wa kwanza na kuupiga kwa kidole, mkaza mjomba alitoka jikoni mikono ina unga. Hakusema neno. Alisimama mlangoni mpaka uzi wa nne.

Harusi yenyewe ilikuwa siku mbili mbele, na ilifana. Kulikuwa na kikundi cha kukodi na ukumbi, mambo yote kama yanavyojulikana. Ninachotaka kukisimulia ni usiku ule wa kwanza. Baada ya Isha watu walianza kuja mmojammoja uani kwa mjomba, na hakuna aliyealikwa. Jirani mshonaji. Mwalimu wa skuli. Mtoto mkubwa wa mjomba, dereva wa daladala, akiwa bado na shati la kazini. Nilidhani wanakuja kwa mazoezi ya harusi. Mjomba akaniambia huwa wanakuja tu.

Walipiga kidumbak. Wengi bara wanaijua taarabu ya kukaa kitini, ile ambayo Sultan Barghash wa Zanzibar aliipenda hata akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na ambayo chama cha Akhwani Safaa kimeilea tangu mwaka 1905. Kidumbak ni ndugu yake mdogo, na haitaki vyombo vya ghali. Ngoma mbili ndogo za udongo, mkwasa wa vijiti vifupi vya kugonganisha, cherewa za kutikisa za vifuu vya nazi, fidla moja, na sanduku. Sanduku ndilo besi: kasha la mbao limefudikizwa, uzi mmoja umefungwa kwenye fimbo, na mpigaji akiivuta fimbo sauti inapanda, akiilegeza inashuka. "Taarabu huendewa," mjomba aliniambia, "kidumbak hukujia nyumbani."

Mkaza mjomba alikuwa ameziweka zile ngoma karibu na jiko la mkaa. Aligusa ngozi kwa mgongo wa vidole, kama anavyopimwa mtoto homa, akaigeuza moja, akaigusa tena, akaipiga pigo moja akitega sikio. Bado. Nilipoutazama ule udongo nilimkumbuka Siti, ambaye kabla ya umaarufu alikuwa mfinyanzi kutoka Fumba, akija mjini kuuza vyungu kwa kuvinadi kwa sauti yake.

Bibi harusi alikuwa ndani, hatakiwi kuonekana. Lakini muziki ulipoanza nikasikia cherewa ikitikiswa nyuma ya pazia la chumba chake, sawasawa kabisa na ngoma. Watu wa uani hawakushangaa. Cherewa ndiyo aliyokabidhiwa akiwa na miaka minne, wakaniambia, na hakuna aliyewahi kumpokonya. Katika nyumba ile mtoto hupewa kwanza kitu ambacho hawezi kukiharibu. Akizoea mwendo huhamia kwenye mkwasa, kisha ngoma. Hawasomeshwi. Wakikosea, mtu mzima aliye karibu humgonga begani kwa mdundo ulio sahihi, muziki ukiendelea.

Mimi nilipewa mkwasa. Nilitaka kukaa na kusikiliza, mjomba akakataa katakata. "Hapa hakuna kiti cha msikilizaji."

Waliunganisha nyimbo bila kupumzika, huu unaingia ndani ya huu, karibu saa nzima. Fidla ya baba sikuwahi kuisikia ikienda kasi namna ile, ikikatakata upinde juu ya ngoma. Kisha mjomba akapunguza mwendo, akapiga kitangulizi nilichokijua. Baba alikuwa akikipiga uani kwetu, sikuzote bila maneno. Nilidhani hakina maneno. Mkaza mjomba akaimba:

*Fidla yake ikalia, akayaacha makazi,*
*Tukamwambia ingia, hu mgeni, u azizi.*

Mkono wangu ukasimama. Ndipo wakanieleza, kila mmoja akimkatiza mwenzake, kwamba baba alikuja Unguja kijana, akazoea kufika uani hapa kila jioni kujifunza kwa mjomba, na jioni hizo ndizo zilizomkutanisha na mama. Wimbo ule mjomba aliutunga kwa ajili ya arusi yao. Nina miaka 38, na wimbo wa wazazi wangu nimeusikia ugenini.

Ubeti wa pili ukaleta mzozo. Mshonaji alisema unaanza na jahazi, mkaza mjomba akasema jahazi iko ubeti wa nne, mwalimu akahesabu mizani kwa vidole, nane na nane, akasema vyovyote iwavyo huo wa mshonaji umepungua moja. Mjomba alikiri kuwa hata yeye mtungaji umempotea. Walibishana kwa bidii, huku kijana wa sanduku akiuvuta uzi polepole ili wimbo usife.

Nikampigia mama.

Ilikuwa saa nne za usiku. Nilimwambia tu, sikiliza, nikaiweka simu juu ya baraza karibu na fidla. Mjomba akarudia kitangulizi. Upande wa pili kimya, nikadhani mtandao umekatika. Kisha mama akaanza kuimba ubeti wa pili, kwa sauti ndogo ya mtu aliyekuwa amelala. Jahazi haimo.

Walijaribu kumfuata, ikawa vurugu, maana simu ilichelewesha sauti na kila pigo lilimfika nyuma. Mjomba akainua upinde, wote wakanyamaza. "Mwacheni aimbe peke yake," akasema. "Sisi tutamjibu."

Mama akamaliza ubeti. Uani wakaitikia, ngoma, sanduku na cherewa ya nyuma ya pazia. Tukangoja kitambo, hadi itikio limfike Tanga, na mama akaanza wa tatu.